Kitenzi Kilichokausha Ekari Sita za Ndengu

Kiilu Nyamai,
Kyuso, Kitui.
Jumatatu, 27 Januari.

Kwa Mhariri Mkuu wa Kamusi ya Kiingereza, ile ya jalada jekundu ambayo binti yangu alizawadiwa shuleni kwa kuwa wa pili.

Ndugu Mhariri,

Nimepoteza ekari sita za ndengu kati ya tarehe 29 Oktoba na tarehe 21 Novemba. Hazikuliwa na panzi. Hazikuibwa. Hata mbuzi wa jirani yangu Mulinge, ambao kwa kawaida ndio washukiwa wa kwanza, safari hii hawana hatia. Ndengu zangu zimeuawa na kitenzi. Kitenzi chenyewe kimo katika kamusi yako, ukurasa wa 143, safu ya kushoto, nacho ni "confirm". Sisi huku tunakiita konfam, na baada ya yale kiliyotutendea sioni sababu ya kukitamka kwa heshima zaidi ya hiyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kukushtaki kwa Kiingereza kungekuwa sawa na kumpelekea mshtakiwa kesi nyumbani kwake, akae kwenye kiti chake, aamue. Isitoshe, tangu Novemba siwezi tena kukiamini Kiingereza kinibebee kitu chenye uzito.

Kwanza unijue. Nina miaka hamsini na minne. Nilianza kilimo na debe moja la mbegu ya kuazima na fimbo ya kupuria, na leo nina mashine ya kupura ndengu ambayo watu huja kuiazima kutoka mbali. Hesabu sikuzisomea chuoni, nilizisomea kwenye mizani. Nikikuambia kilo arobaini na nane, usidhani ni arobaini na saba na nusu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa ndengu, wanachama thelathini na mmoja, na nyumbani kwangu mambo yana utaratibu. Mlangoni pa jikoni nimeandika kwa rangi nyeupe sheria saba za boma. Sheria ya kwanza, mbuzi hawafunguliwi kabla umande haujakauka. Ya tatu, chombo chochote chenye mdomo kisilale wazi, kuanzia saa kumi na mbili jioni, maana mhudumu wa afya alituonya juu ya vumbi na vinyesi vya kuku. Mama yangu mzazi, Mbinya, ambaye ana miaka sabini na tisa na ninaishi naye, huzifuata sheria hizo kuliko askari anavyofuata zake. Nakupa habari hizi ili ujue hulalamikiwi na mtu mzembe.

Sasa malalamiko yangu, kwa nambari, ili usije ukasema hukuyaona.

1. Kuhusu maana uliyoiandika.

Umesema kitenzi hiki kina maana tatu. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba jambo ni la kweli. Ya pili ni kusema rasmi kwamba jambo lililopangwa litafanyika. Ya tatu ni kumpokea mtu kanisani awe muumini kamili. Nimezisoma zote tatu kwa miwani na bila miwani. Katika maisha yangu nimeona ile ya tatu tu ikifanya kazi, na hapo ni kwa sababu askofu huweka mkono kichwani mwa mtu na watu wote wanaona mkono na wanaona kichwa. Hizo nyingine mbili sijui mliziona wapi. Kama mliziona huko kwenu, mngeandika hapo pembeni kwamba ni za huko kwenu.

2. Kuhusu namna kitenzi hiki kilivyoingia Kyuso.

Kililetwa Septemba na kijana mmoja mstaarabu anayeitwa Ndegwa, ofisa wa mradi uitwao Tone la Kwanza. Katika baraza alisimama na simu yake mkononi akasema, "Wazee wangu, akina mama, mwaka huu hakuna kupanda kwa kubahatisha. Mvua ikianza kikweli, sisi tutakonfam. Mkipata konfam, mnapanda. Msipopata, mnakaa."

Mhariri, lazima nikueleze jinsi tunavyopanda huku, maana naona kwenye kamusi yako hakuna. Sisi hupanda kwenye vumbi. Mwisho wa Oktoba, ardhi ikiwa kavu kama majivu, tunafunga ng'ombe plau, tunatia mbegu chini, tunafukia, tunaondoka. Mbegu inakaa hapo inangoja. Mvua ikipiga usiku wa kwanza, mbegu inakunywa usiku huo huo, kwa sababu mvua zetu ni chache na hazina muda wa kumngoja mtu atafute jembe. Anayengoja mvua ndipo apande, tayari ameshapoteza wiki, na sisi tukipewa wiki sita za mvua tunaimba kanisani.

Mama yangu alikuwa kwenye baraza hilo, amekaa mbele kwa sababu ya masikio. Aliuliza, "Mwanangu, huyo utakayemuuliza kama mvua imefika, yeye atakuwa amekaa wapi?" Watu wakacheka. Ndegwa akacheka pia, kwa adabu, akamwita bibi kwa lugha ya kwao, akasema, "Cucu, kuna vyombo." Mimi sikucheka. Mimi nilivutiwa na neno vyombo. Mtu wa namba akisikia kuna chombo, moyo wake hutulia. Nikasimama kama mwenyekiti nikaunga mkono. Nikawaambia wanachama wangu thelathini na mmoja, kwa sauti hii hii, "Mwaka huu tunangoja konfam."

Kumi na wawili walinipuuza wakapanda kwenye vumbi. Kumi na tisa walinitii. Shika nambari hiyo, tutairudia.

3. Kuhusu matumizi yake ya kila siku, ambayo hukuyaandika hata moja.

Kati ya tarehe 29 Oktoba na 21 Novemba, Ndegwa alituma meseji hamsini na nane kwenye grupu yetu. Nimezihesabu. Kitenzi chako kimo katika arobaini na moja. Kwa kuwa kazi yako naona hukuimaliza, nimekumalizia mimi.

"Nakonfam" maana yake ni sijaanza.

"Nitakonfam" maana yake ni usiniulize tena wiki hii.

"Wacha nikonfam na ofisi" maana yake ni ofisi haijui na mimi sijui, lakini ofisi iko mbali.

"Imekonfamiwa" maana yake ni kuna mtu alisema.

"Tafadhali konfam umepata meseji ya konfam" sijui maana yake mpaka leo, na nilijibu "Nimekonfam," kama wengine.

Mjini Zombe nimesikia neno hili wanalitumia kwa fundi wa nguo, Sultan Hamud wanalitumia kwa mtu anayesema yuko njiani na bado anaoga. Kila mahali limefanya kazi moja: kumwezesha mtu kufunga mdomo wa mwenzake bila kumpa kitu. Zamani kazi hiyo ilihitaji mtu mwongo. Sasa mtu mwaminifu kabisa anaweza kuifanya, na hiyo ndiyo hatari.

4. Kuhusu usiku tisa.

Hili nakuomba ulisome ukiwa umeketi.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha usiku wa tarehe 29 na 30 Oktoba, kisha usiku wa tarehe 2, 5, 6, 9, 13, 14 na 18 Novemba. Usiku tisa. Nimelala chini ya mabati miaka mingi, sauti ya mvua naijua. Asubuhi natoka, viatu vinashika matope.

Lakini mradi wa Tone la Kwanza uliweka kipima mvua katika boma langu, kati ya jiko na ghala, mahali pa wazi. Ni mkebe wenye mdomo mpana, na ndani yake chupa ndefu yenye mistari. Waliuweka kwangu kwa sababu, kwa maneno ya Ndegwa mwenyewe, "Mzee Kiilu hawezi kuongeza wala kupunguza." Kila siku saa tatu kamili asubuhi nilisoma chupa na kumtumia nambari. Sikukosa hata siku moja. Na kila asubuhi, baada ya usiku wa mabati kulia, chupa ilisema sifuri.

Nilishangaa, sitakudanganya. Matope viatuni, sifuri chupani. Lakini mimi nambari zangu sizitii chumvi. Nikatuma 0. Nikampigia Ndegwa simu nikamwambia, "Ofisa, hapa kumenyesha." Akaniuliza, "Chombo kinasema ngapi, Mzee?" Nikamwambia sifuri. Akasema, "Basi hiyo ni manyunyu ya kupita, Mzee wangu. Mvua ya uongo. Mkipanda na hiyo mtaunguza mbegu. Ngoja tukonfam." Nikangoja. Hesabu ilikuwa upande wake, na mimi maisha yangu yote nimekuwa upande wa hesabu.

Usiku tisa, Mhariri. Mara tisa mbingu ilisema ndiyo, na mara tisa kitenzi chako kikasema subiri.

5. Kuhusu kitenzi kinachoogopa giza.

Tarehe 20 Novemba ilinyesha mchana. Wingu lilitoka upande wa mlima, saa tisa likaanza, saa kumi na dakika ishirini likaisha. Nilikimbilia kipimo nikiwa bado nimelowa. Milimita thelathini na nne! Nikatuma papo hapo bila kungoja asubuhi. Kesho yake saa mbili meseji ikaja: "Mwanzo wa mvua umekonfamiwa eneo la Kyuso. Wakulima wapande sasa."

Sasa nikuulize kama mtu mzima anayemuuliza mwenzake. Kwa nini mvua ya usiku haikukonfamiwa na ya mchana ikakonfamiwa siku ya pili yake? Je, kitenzi hiki kinafanya kazi saa za ofisi? Kinafunga saa kumi na moja, kinachukua mkoba, kinakwenda nyumbani? Mimi mashine yangu ya kupura hufanya kazi hata kwa taa ya betri. Kitenzi cha watu waliosoma kinashindwa na giza! Kama ndivyo, hata sigara huandikwa onyo kwenye pakiti. Nyinyi mlishindwa kuandika maneno mawili, "Si usiku"?

Tulipanda tarehe 21 na 22, mimi na nyumba zile kumi na tisa, tukikimbizana na plau kama watu wanaohama. Mvua ilikatika tarehe 2 Desemba. Ndengu zilitoa majani manne, zikasimama, zikatuangalia. Mimi nilipanda kilo arobaini na nane katika ekari sita. Wiki iliyopita nimevuna kilo sita. Sina haja ya kukufanyia hesabu hiyo, lakini nitakufanyia: kila ekari kilo moja. Kuku mmoja huokota zaidi.

6. Kuhusu mke wangu.

Mke wangu, Mbithe, analima shamba la chini, ekari moja, ambalo ni lake na mimi huwa siliingilii. Tarehe 22 Oktoba nilimkuta amefunga ng'ombe wawili plau, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Nikamwambia, "Mbithe, unapanda? Umekonfam na nani?"

Akasema, "Na mgongo wangu, Baba Mutindi. Unauma."

Nikamweleza habari ya vyombo, vizuri tu, kwa upole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Shika hapo kamba, huyu ng'ombe anavuta kushoto." Nilishika kamba. Lakini nilishika kwa kupinga.

Mapema mwezi huu amevuna magunia manne na debe moja. Gunia kilo tisini, debe kilo kumi na nane, jumla ni kilo mia tatu na sabini na nane, kutoka ekari moja iliyopandwa bila ruhusa ya mtu yeyote. Nilizipura kwa mashine yangu mwenyewe. Mashine ilipiga kelele sana, nami nilishukuru, kwa sababu Mulinge alikuwa ameegemea ua akisema kitu.

Tangu hapo kitenzi chako kimehamia nyumbani kwangu na kinalala humo. Nikiuliza kama chai iko tayari, Mbithe anasema, "Iko, lakini haijakonfamiwa." Mulinge ana punda asiyetembea mpaka asukumwe na watu wawili, amembatiza Konfam. Asubuhi nikipita anaita, "Konfam! Msalimie Mwenyekiti!" Punda hata haniangalii. Naye ananingoja nipite.

7. Kuhusu Kalekye.

Hili ndilo linalonifanya niandike, hayo mengine ningeyameza.

Katika zile nyumba kumi na tisa kuna mama mmoja mjane, Kalekye, mwenye watoto watano na ekari mbili. Alikuja kwangu juzi Ijumaa. Hakukaa. Nikaanza kumweleza habari ya Ndegwa, na ofisi, na mvua ya uongo. Akaniacha niongee mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mwenyekiti, mimi Ndegwa simjui. Nambari yake sina. Mimi nilikusikiliza wewe."

Halafu akaondoka akinishukuru kwa maji ya kunywa.

Mvua za Machi zinakuja na nyumba kumi na tisa hazina mbegu, kwa sababu mbegu yao iko chini, imekufa na majani manne. Ijumaa hii, tarehe 31, saa nane mchana, kikundi kinakutana chini ya paa la duka la nafaka. Ajenda ni moja, na imeandikwa na katibu kwa herufi kubwa: "Nani alituambia tungoje?" Nitasimama mbele ya nyumba kumi na tisa. Siwezi kusimama na meseji hamsini na nane mkononi. Nataka kusimama na jibu lako.

Kwa hiyo nadai yafuatayo.

Kwanza, kitenzi hiki kiondolewe mara moja katika kila nakala ya kamusi inayouzwa mahali popote ambapo mvua kwa mwaka haifiki milimita mia saba. Wenye mito waendelee nacho, wanaweza kumudu.

Pili, kama kukiondoa ni kazi kubwa, kiwekewe leseni kama bunduki. Mtu asikitamke mbele ya wakulima mpaka aonyeshe cheti, na cheti kiwe na picha yake akiwa ameshika jembe.

Tatu, mnitumie mbegu ya ndengu. Nyumba kumi na tisa zina jumla ya ekari thelathini na nane. Kwa kilo nane kila ekari hiyo ni kilo mia tatu na nne. Ongeza zangu arobaini na nane. Jumla ni kilo mia tatu hamsini na mbili, za aina inayokomaa kwa siku sitini na tano, zifike kabla ya Machi. Mimi sitaki pesa yenu wala pole yenu. Pole haioti.

Nne, na hili ndilo kuu, mnijibu swali moja kwa ndiyo au hapana: mtu akishatamka kitenzi hiki mbele ya watu, je, amejifunga, au hajajifunga? Msiniambie inategemea. Msiniletee mifano ya sentensi. Na tafadhali sana, msiniambie mnakonfam. Jibu linifikie kabla ya Ijumaa saa nane mchana. Saa nane na dakika moja halitanisaidia.

Nisalimie wote mnaofanya nao kazi humo kamusini: wanaotunga maana, wanaopanga herufi, hata yule anayechora picha ndogo za wanyama, yule hana kosa. Mbithe anasalimu. Mama anasalimu na anauliza kama huko kwenu mvua hunyesha bila kuulizwa. Punda sina salamu zake.

Niliyekauka lakini bado nimesimama,

Kiilu Nyamai,
Mwenyekiti (mpaka Ijumaa).

Baada ya kutia sahihi:

Nilikuwa nalamba bahasha ili niifunge mama yangu alipoingia na kifuniko cha sufuria ndogo mkononi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni. Akaniuliza, "Kiilu, hicho chombo cha Ndegwa, niendelee kukifunika, ama sasa mvua zimeisha basi?"

Nikamuuliza kukifunika vipi.

Akasema, "Si ni sheria yako ya tatu? Kina mdomo. Tangu Septemba sijakiacha kilale wazi hata siku moja. Nakifunika jioni, alfajiri nachukua kifuniko changu nipikie uji." Alisema hivyo kwa fahari, kama mimi nilivyokuambia hapo juu kwamba sikukosa kutuma nambari hata siku moja. Kisha akaongeza, "Ni ile siku moja tu ilinyesha mchana, ikanikuta sijafunika. Ulikimbia huko ukiwa umelowa, nikaogopa kukuambia."

Nilikwenda mlangoni pa jikoni nikasoma sheria ya tatu. Mwandiko ni wangu.

Nimefanya hesabu upya, ingawa haikuwa ndefu. Usiku tisa wa mvua, vifuniko tisa, sifuri tisa, zote zimetumwa na mimi. Ndegwa alikuwa ananingoja mimi. Mimi nilikuwa namngoja Ndegwa. Kyuso nzima hakuna chombo kingine. Kile kilichokuwa kinangojwa kitukonfamie kilikuwa kati ya jiko langu na ghala langu, kimefunikwa vizuri.

Kwa hiyo madai ya kwanza na ya pili yafuteni. Na la tatu pia, kilo zile msitume. Hata swali langu la ndiyo au hapana lifuteni, jibu lake nimelipata, na Kalekye alikuwa nalo kabla yangu.

Nyumba kumi na tisa bado hazina mbegu, na zinahitaji kilo mia tatu na nne. Mimi nina kilo sita. Mtu pekee mwenye zaidi ni Mbithe, kilo mia tatu sabini na nane, zimo ghalani na ufunguo anao yeye. Akizitoa mia tatu na nne kwa nyumba hizo, na arobaini na nane kwa shamba langu, atabaki na kilo ishirini na sita kwa msimu mzima aliolima na mgongo unaouma. Nimekwenda kumwomba. Nilimweleza yote, kifuniko, sifuri, sheria ya tatu. Sikuacha kitu. Alikuwa anapeta. Hakuniangalia. Alipeta ungo mzima ukaisha, akaanza mwingine.

Kisha akasema, "Nimesikia, Baba Mutindi. Nitakonfam kabla ya Ijumaa."

Ndugu Mhariri, kitenzi ni chenu, kimetoka katika kitabu chenu, ukurasa wa 143. Nijibu moja kwa moja, kabla ya Ijumaa saa nane mchana: mke akisema hivyo, huwa amekubali?